Ukitaka kujua Mtanga atasemaje kuhusu mradi, uliza kwanza analala wapi

Mkutano uliitishwa saa kumi alasiri, uwanjani nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, na ajenda ilikuwa moja: barabara yetu ya vumbi itawekwa lami na mfereji wa maji ya mvua, kwa hiyo wenye vibaraza vilivyotokeza nje wajiandae kuvivunja. Viti vya plastiki vilikuwa ishirini na kitu. Wenye nyumba wakakaa, sisi wengine tukasimama chini ya mwarobaini. Mwenyekiti akaomba maoni. Akasema mzee wa nyumba ya kona, akasema hajati mmoja, akasema mwalimu mstaafu. Kisha akanyoosha mkono mama mmoja anayeuza mihogo na samaki wa kukaanga jioni, kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga. Alitaka kujua jambo dogo tu: kibaraza kikishavunjwa, na mfereji ukiwa wazi mbele ya mlango, yeye auzie wapi? Hakumaliza. Sauti ikatoka kwenye viti: "Mama, wewe mpangaji. Waja leo waondoka leo, ya mfereji yakuhusu nini?" Watu wakacheka. Mama akashusha mkono.

Huukumbuka mkono ule kila ninaposikia kwamba wananchi wa Tanga wameupokea mradi fulani kwa mikono miwili. Wananchi wepi?

Ninaamini hivi: ukitaka kujua mtu atasema nini juu ya barabara, bandari, bomba au soko linalojengwa jirani naye, usianze na chama chake wala elimu yake. Uliza mambo mawili. Analala hatua ngapi kutoka pale panapojengwa? Na analala kwa haki gani: kwa hati, kwa urithi, kwa hisani ya mtu, au kwa kodi ya miezi sita? Ukishapata majibu hayo utaweza kukisia karibu kila atakachosema mkutanoni, na hata kama atakwenda mkutanoni.

Wamarekani wamelichimba jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2001 mchumi William Fischel alieleza kwamba mwenye nyumba hupiga kura za mji wake huku jicho likiwa kwenye bei ya nyumba yake, kwa kuwa ndiyo mali yake kubwa kuliko zote na hana pa kuikatia bima isishuke thamani. Ndiyo sababu hukataa jengo jipya lisiinuliwe ubavuni mwake. Mpangaji, ilidhaniwa, hana cha kukataa, maana nyumba zikiongezeka kodi itapungua. Mwaka 2018 Michael Hankinson akaonyesha kwamba mambo hayakunyooka hivyo. Katika miji ambayo kodi imepanda mno, kama San Francisco, wapangaji waliunga mkono nyumba zijengwe kwa wingi mjini kwa jumla, lakini waliposikia zitajengwa mtaani kwao wakageuka, wakasema kama wenye nyumba. Walihofu kwamba mtaa ukipendeza, kodi itawatoa.

Hofu hiyo naijua kwa jina lake. Lakini kwetu Tanga kuna mambo ambayo watafiti wale hawakuyakuta kwao, na la kwanza ni kwamba mwenye nyumba aliye karibu na mradi mara nyingi ndiye wa kwanza kushangilia. Anatarajia fidia. Furaha yake ina muda, na muda huo nitaurudia.

Kwanza tutazame jinsi hatua chache zinavyoweza kugawa majirani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 huhesabiwa kuwa ameifuata barabara. Nyumba yake huwekewa X nyekundu, na atabomoa kwa gharama zake. Aliye kati ya mita 22.5 na 30 huhesabiwa kuwa amefuatwa na barabara. Yeye huwekewa X ya kijani, na eneo lake likihitajika anastahili kulipwa. Tofauti ni mita saba na nusu, upana wa vyumba viwili na ukumbi. Watu wanaoazimana chumvi, ambao watoto wao husoma chuo kimoja, wanakuwa na maoni mawili yasiyopatana kuhusu barabara ileile. Mmoja anaiita maendeleo, mwingine anaiita dhuluma, na kila mmoja anasema kweli kwa kadiri ya rangi aliyopakwa ukutani.

Na mpangaji aliye ndani ya nyumba hiyo? Kwake rangi haina maana. Iwe nyekundu, iwe kijani, anahama.

Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zimetaja mambo mengi mazuri. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kwa bei ya soko mara miezi 36. Kuna posho ya usafiri ya kubeba mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya usumbufu, na kuna faida iliyopotea kwa mwenye biashara, nayo kwa miezi 36. Ukizisoma kwa utulivu unamwona mtu aliyekuwa akilini mwa walioziandika: ni mwenye haki ya ardhi, anayehama na makabati yake. Mpangaji hana tani 12. Ana godoro, ndoo, jiko la mkaa na begi mbili za nguo, na ana miezi minne ya kodi aliyokwisha kuilipa, ambayo itabidi akaidai kwa mwenye nyumba naye akiwa kwenye mashaka yake. Yule mama wa samaki hana vitabu vya hesabu vya kumwonyesha mthamini faida yake. Hesabu yake iko kwenye fundo la khanga.

Chongoleani tunayaona haya kwa ukubwa wake. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka pale jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo nchini kwetu. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba linapashwa moto njia nzima hadi kwenye matangi ya rasi hii iliyo kaskazini mwa mji. Siku ile mjini watu tulifurahi, na sijutii kufurahi. Tanga ilikuwa imeona viwanda vikifungwa kimoja baada ya kingine na mkonge ukishuka thamani tangu tukiwa watoto. Lakini sisi tuliokuwa tukishangilia Ngamiani na Chumbageni tulikuwa mbali na tingatinga. Kwetu bomba lilikuwa habari ya ajira.

Kwa mwenye shamba Chongoleani lilikuwa hesabu ya minazi na mikorosho. Mnazi unahesabika: mthamini anapita na daftari, unaandikwa, unalipwa. Mvuvi jirani yake hana ekari hata moja baharini. Mwamba alioonyeshwa na babu yake, anaoufikia kwa kupima mnara na ncha ya rasi, hauna hati wala jiwe la mpaka. Miradi mikubwa siku hizi huja na mipango ya kurejesha kipato cha walioguswa, na bomba hili lina yake, lakini mvuvi lazima kwanza athibitishe kwamba ameguswa, ilhali mwenye minazi anathibitishiwa na minazi yenyewe. Wote wawili ni wakazi wa kata moja, wanaswali msikiti mmoja. Ukiwahesabu kama "wananchi wa Chongoleani" umewapoteza wote wawili.

Sasa niurudie ule muda wa furaha. Mwenye ardhi aliye karibu na mradi huwa upande wa mradi mpaka siku anayothaminiwa. Baada ya hapo kuna tarehe ya ukomo: usijenge chumba kipya, usipande mazao ya kudumu. Ukikaa miezi sita, unavumilia. Ukikaa miaka, binti anaolewa na huna pa kumpokelea wageni, paa linavuja na unaogopa kulibadili, mikorosho iliyozeeka huipandi upya. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka kwamba uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, na hilo ni jema, ila walioishi miaka kumi na zaidi kwa kusubiri hawarudishiwi ile miaka.

Wenzetu wa Bagamoyo wanaweza kulisimulia hili kuliko sisi. Pale Zinga, Mlingotini, Pande na jirani zake, uthamini wa ardhi kwa ajili ya eneo maalumu la uchumi ulianza mwaka 2008. Mkataba wa awali wa bandari ukasainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mradi ukasimamishwa 2019, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza nia ya kuufufua. Ukimuuliza mtu wa huko leo kama anaunga mkono bandari, usimshangae akikuuliza: ipi, ya mwaka gani? Huyu alikuwa muungaji mkono. Kusubiri ndiko kulikomgeuza. Barabara ya pwani ya kilomita 256 kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Pangani la mita 525, itatufanya sisi na wao kuwa majirani wa karibu. Ningependa tujifunze kwao mapema.

Kuna kundi jingine ambalo Wamarekani wale hawakuliweka kwenye mizani yao, nalo ndilo limejaa Ngamiani: watu wa nyumba ya urithi. Wanaoujua mji wetu wanazijua zile barabara zenye namba, zilizonyooka kama mistari ya daftari, na nyumba zake za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Babu alijenga. Babu akafariki, mirathi haikufunguliwa, hati, kama ipo, bado ina jina lake. Warithi wanane. Mmoja anaishi humo, anashika chumba cha mbele, anapokea kodi ya vyumba vinne na kukarabati choo kila kinapojaa. Wengine wako Dar es Salaam, Mombasa, mmoja yuko Oman.

Mpelekee familia hii habari ya mradi utakaoichukua nyumba. Yule wa chumba cha mbele atakataa kwa nguvu zote, maana leo ana makazi na kodi kila mwezi, na kesho atakuwa na fungu moja katika mafungu mengi ya fidia isiyotosha kununua hata kiwanja Kange. Walio mbali watakubali kwa moyo mkunjufu, wakisema kaka yao anazuia maendeleo. Kwa miaka hawajapata senti katika nyumba ile, na fidia ndiyo mara ya kwanza urithi utawafikia mkononi. Nimekaa kwenye kikao cha familia cha namna hiyo. Dada mtu alitoka analia, na hakuna aliyekuwa mbaya mle ndani. Umbali na haki ya makazi vilikuwa vimewagawa watoto wa mama mmoja. Mtendaji wa kata atawaandikaje hawa? Wenye nyumba? Nyumba ya nani?

Haya, mpangaji. Hapa nasema kwa yaliyonipata. Miaka ile miji yetu ilipokuwa inapata lami na taa za barabarani kwa mradi wa miji ya kimkakati, ambao Tanga ilikuwamo, nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha elfu ishirini na tano kwa mwezi. Lami ilipofika nilishangilia kama mtoto. Baiskeli yangu haikuruka tena mashimo, mvua ikinyesha viatu vilibaki na rangi yake, na usiku mke wangu alikuwa anarudi kwenye kitchen party bila kumpigia mtu simu aje ampokee. Baada ya miezi michache mwenye nyumba, mtu mwema ninayemheshimu hadi leo, akanijia baada ya Alasiri na kodi mpya: elfu arobaini, kwa miezi sita, kabla ya tarehe moja. "Mwanangu, mtaa umekuwa mtaa sasa," akaniambia. Hakukosea. Nilihamia nje ya mji, kwenye vumbi jingine. Taa nilizozipigia makofi nikaziacha zinawaka.

Hakuna sheria aliyoivunja. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili ambao mmoja wao ana funguo. Kwa hiyo mpangaji anapoambiwa mtaa wake utawekewa lami, mfereji na taa, moyo wake unagawanyika. Anautaka mradi kwa sababu anaishi pale. Anauogopa kwa sababu ya namna anavyoishi pale. Akinyamaza mkutanoni tunasema hajali.

Halafu tunamwambia hachangii. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza, na anayenunua umeme kwenye nyumba nyingi za kupanga ni mpangaji. Serikali ilisema wamalizane wenyewe na wenye nyumba. Wangapi wamemalizana? Mimi sijawahi kurudishiwa hata mia. Mpangaji wa Tanga leo analipa kodi ya jengo lisilo lake, na bado akinyoosha mkono anaambiwa waja leo.

Bandari nayo ina ngazi zake. Kabla ya maboresho, meli zilikuwa zinatia nanga umbali wa kilomita 1.7 na mzigo unaletwa kwa matishari, kwa kuwa kina kwenye gati kilikuwa mita 3. Zimetumika shilingi bilioni 429.1, kina kimefika mita 13, gati la mita 450 limekamilika, na meli sasa inafunga ukutani. Ni kazi kubwa na ninaiunga mkono bila kusita. Ninachoomba kionekane ni kwamba kibarua wa bandarini anayepanga Makorora ameupata mradi huu kama mtu anayeishi kwa kazi, na wakati huohuo anaupata kama mtu anayeishi kwa kodi. Mwenye nyumba wake naye anaupata kwa upande mmoja tu, ule wa kodi kupanda. Wa Raskazone wenye hati na mawakili hawahitaji mkutano wa hadhara, wao huandika barua na hujibiwa.

Neno ninalotamani tuliache ni "wanaopinga maendeleo". Nimelisikia likirushwa kwa mzee aliyekuwa anauliza tu lini atalipwa, na kwa kijana wa kwenye shamba la mkonge lililofutiwa hati, ambaye wazazi wake wamelima pale maisha yao yote na kila upimaji mpya unamkuta bila karatasi. Wote hao wangeunga mkono mradi uleule wakihamishiwa kilomita kumi mbali, au wakipewa hati mkononi. Kinachopingwa mara nyingi ni nafasi ambayo mtu amewekwa katika mradi. Nafasi hiyo inaweza kubadilishwa kabla tingatinga halijawasha injini, na kazi ya kuibadilisha ni ya wanaopanga mradi.

Kisheria mkutano ni wa wakazi. Anayeishi katika mtaa au kijiji na ametimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kusema, na anapiga kura ya kumchagua mwenyekiti, awe na nyumba au hana. Kumwambia mama wa samaki kwamba hayamhusu kulikuwa kumnyima haki mbele ya kiongozi aliyemchagua. Mwenyekiti angeweza kusema neno moja. Hakusema, nami niliyesimama chini ya mwarobaini sikusema, na hilo linaniuma. Kibaraza kilivunjwa, mfereji ukakaa wazi masika nzima, na slabu zilipokuja kuufunika alikuwa amekwisha hama. Muhtasari wa mkutano ule niliuona baadaye. Uliandikwa kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Karatasi ya mahudhurio ya mikutano yetu ina jina, namba ya simu na sahihi. Ninaomba iongezwe safu mbili. Moja iandikwe mmiliki, mrithi, mpangaji au mwenye kukaa kwa hisani. Nyingine iandikwe takriban hatua ngapi kutoka eneo la mradi. Haigharimu chochote, ni kalamu na rula. Muhtasari ukipelekwa halmashauri na ukionyesha kwamba waliokubali ni wenye nyumba thelathini wanaokaa mtaa wa pili, na mpangaji hata mmoja hakuandikwa, diwani atajua bado hajawauliza watu. Na mkutano usiitishwe saa kumi alasiri, saa ambayo kibarua hajatoka bandarini na mama ndiyo anawasha moto wa kukaangia. Uitishwe baada ya Isha, pale pale barabarani, chini ya zile taa.